Moto na Mwenye Kuuwasha

Katika maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyagombania kwa karne nyingi, yapo machache yaliyo mepesi kwa ulimi na mazito kwa akili kama hili: pamba ikiguswa na moto ikaungua, ni nani aliyeiunguza? Mtoto atajibu kuwa ni moto, na mtu mzima huenda akamcheka aulizaye. Lakini Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika nchi ya Uajemi, aliyefariki mwaka 1111, hakucheka. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokiandika kuwajibu wanafalsafa waliofuata mkondo wa Wayunani, aliitenga masala ya 17 kwa ajili ya pamba hiyo na moto huo, akasema kwamba jicho halishuhudii moto ukitenda tendo la kuunguza. Linachoshuhudia ni mambo mawili, mguso na muunguo, moja likifuatana na jingine, na kufuatana peke yake hakutoshi kuwa burhani ya kwamba la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Mtendaji wa kweli, kwa itikadi yake, ni Mwenyezi Mungu, ambaye amejaalia ada ya kuumba muunguo kila mguso utokeapo, na ambaye angalitaka angaliweza kuukatiza ufuatano huo, kama alivyoukatiza kwa Nabii Ibrahimu alipotiwa motoni asiungue. Wakristo nao wanayo habari iliyo jirani na hiyo katika kitabu cha Danieli, ya vijana watatu waliotupwa katika tanuru la Nebukadreza wakatoka salama.

Nimelileta swali hili Munisagara kwa makusudi. Hapa, magharibi ya mji wa Kilosa, mto Mkondoa hupita katika bonde lililobanwa na milima ya Usagara, na Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, huufuata mto huo kona kwa kona. Na hapa moto ni chombo cha kazi kabla haujawa mfano wa kitabuni. Mkulima huuwasha kusafisha shamba kabla ya mvua. Mchoma mkaa huufungia chini ya udongo. Na kule kusini mashariki, katika uwanda wa Mkata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, nyasi huungua kila kiangazi, nyingine kwa mikono ya walinzi wa hifadhi wenyewe, ambao huzichoma mapema zingali na ubichi ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usikute kitu cha kula. Asubuhi kilima kikionekana cheusi, watu huulizana, "Nani kachoma?" na wala hapana ajibuye kuwa ni moto. Basi wanakijiji na Imamu wanauliza neno moja kwa nia mbili: yeye alimtafuta Muumba, wao wanamtafuta mtu. Na baina ya maulizo hayo mawili yapo maandishi ya tatu, nayo ni mlinganyo wa kikemia ambao mwanafunzi wa sekondari huunakili katika daftari lake, usiomtaja Muumba wala mtu. Ninataka kuyaweka matatu hayo pamoja, nione kama mlinganyo ule mkavu unaweza kutuonyesha mahali ambapo kudra ya Mungu hutenda peke yake na mahali ambapo dhima ya mja huanzia.

Mlinganyo wenyewe, kwa mkaa ulio safi, ni huu:

C + O₂ → CO₂

Upande wa kushoto zimeandikwa atomu moja ya kaboni na molekuli moja ya oksijeni; upande wa kulia imeandikwa molekuli moja ya kaboni dioksaidi; na katikati umewekwa mshale. Mwenye mizani akitaka kuusadiki ataona kwamba gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za hewa mpya, bila ya kuzidi wala kupungua kwa kiasi ambacho mizani ya sokoni au ya maabara ingeweza kukitambua. Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye kitabu chake kikuu cha kemia kilitoka mwaka 1789, ndiye aliyeifanya hesabu hii kuwa sharti la elimu hiyo: kwamba kabla ya kusema lolote juu ya badiliko la vitu, mtu apime kilichoingia na kilichotoka, na ikiwa pande mbili haziko sawa basi ajue kwamba kuna kitu kimemponyoka. Hayo ndiyo yote yasemwayo na mlinganyo. Hausemi kwa nini. Hausemi kwa amri ya nani. Na ule mshale, ambao wengi huusoma kana kwamba umeandikwa "husababisha", unasema tu kwamba hiki kilikuwapo na sasa kipo kile. Imamu Ghazali angalipewa daftari la mwanafunzi asingalipata neno la kulifuta.

Walakini ipo hoja moja ambayo kemia imeileta, ambayo Imamu hakuwa nayo, na ambayo yastahili kuwekwa mbele yake kwa adabu. Hewa inayoulisha moto si oksijeni tupu; katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni na 21 tu ndizo oksijeni, na sehemu ndogo iliyosalia ni hewa nyinginezo. Wahandisi wanaopiga hesabu za matanuri, ambao hawana budi kujua hewa yote itakayopanda dohani, huuandika mwako ule ule hivi:

C + O₂ + 3.76 N₂ → CO₂ + 3.76 N₂

Naitrojeni imeingia na naitrojeni imetoka, wingi ule ule, umbo lile lile. Ilichofanya ni kupashwa moto na kuondoka na joto ambalo lingeweza kuchemsha chungu. Katika kila moto uliowahi kuwashwa kwa hewa ya kawaida, tangu mafiga ya mababu zetu mpaka injini ya garimoshi, naitrojeni ilikuwapo, tena kwa wingi kuliko oksijeni. Ikiwa tunachokijua juu ya sababu ni kufuatana peke yake, basi tungalipaswa kusema kwamba naitrojeni ndiyo iunguzayo, au kwamba huunguza zaidi ya mwenzake, kwa kuwa hakuna muunguo ulioonekana nchini usioandamana nayo. Mbona hatusemi hivyo?

Hatusemi kwa sababu wapo watu waliotenga. Mwaka 1772 Daniel Rutherford wa Edinburgh aliitoa kwenye hewa ile sehemu ilishayo moto na pumzi, akaona kwamba iliyobaki huzima mshumaa na kuua panya. Na miaka michache baadaye Lavoisier akaipasha zebaki ndani ya chombo kilichofungwa kwa siku 12, hewa ikapungua, unga mwekundu ukatanda juu ya zebaki, na masalio ya hewa hayakukubali kuwasha kitu. Kisha akaupasha moto ule unga mwekundu peke yake, ikarudi hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa mng'ao mkubwa. Hivyo mwanadamu hakubaki kuwa mtazamaji wa mafuatano. Aliondoa kimoja akaangalia, akakirudisha akaangalia, na katika kuondoa na kurudisha akajifunza kumpambanua msafiri mwenza na mshirika. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198 na aliyemjibu Ghazali kitabu kwa kitabu, alishika kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, maana kuijua shani ya kitu ni kujua kifanyacho. Na naona kwamba kisa cha naitrojeni kinampa nguvu katika dai lake hilo.

Lakini nguvu hiyo ina mpaka. Tukiulizwa kwa nini oksijeni hushiriki na naitrojeni haishiriki, tutajibu kwamba atomu mbili za naitrojeni zimeshikana kwa kifungo cha mikono mitatu ambacho kukivunja hutaka kilojuli 945 kwa kila moli, hali kifungo cha oksijeni huvunjika kwa 498. Tukiulizwa kwa nini vifungo viko hivyo, tutataja elektroni na mpangilio wake. Tukiulizwa kwa nini elektroni hutii mpangilio huo, tutaandika mlinganyo mwingine ulio mgumu zaidi, nao pia utakuwa habari ya mambo yalivyo, wala hautakuwa habari ya kwa nini yawe hivyo badala ya kuwa vingine. Kila ngazi tunayopanda tunakuta ada, tena iliyo pana na thabiti kuliko ya chini yake, na juu ya ngazi ya mwisho tunayoifikia tunakuta kitu tulichopewa ambacho hatukukitengeneza. Ghazali mwenyewe hakuwa mtu wa kuikataa ada. Alisema kwamba Mungu ametuumbia pamoja na vitu vile elimu ya kuwa atavidumisha katika mwendo wake, ndiyo maana hapana mtu mwenye akili aogopaye kwamba kitabu alichokiacha nyumbani kimegeuka farasi; na hata juu ya moto alikubali kutazama njia za kawaida, akataja mtu anayejipaka ulanga na kuketi ndani ya tanuri asidhurike. Kwa hiyo aaminiye na asiyeamini huandika mlinganyo mmoja, na hutofautiana katika kuutaja wasifu wake: huyu huuita tabia ya maumbile, yule huuita sunna ya Mwenye kuumba. Maadamu hakuna mizani ya kuwapambanua, sioni faida ya kuwagombanisha hapa.

Faida naiona mahali pengine, nayo ni pale bondeni, kwenye tanuri la mkaa.

Magogo ya miombo yamekatwa na kupangwa kwa kulala, makubwa katikati na membamba pembeni, yakafunikwa kwa majani na juu yake udongo uliopondwa, na ubavuni yameachwa matundu ya hewa yanayoweza kuzibwa kwa bonge la udongo na kuzibuliwa kwa ncha ya kijiti. Moto ulitiwa kwa mlango wa upande upepo utokako. Sasa tanuri linafuka, na mzee anayelilinda analizunguka usiku na mchana, maana udongo ukibonyea mahali fulani hewa itaingia kwa wingi na kazi yote itakuwa majivu. Kijana anayemsaidia anauliza, "Mzee, tuzibe sasa?" Mzee hamtazami yeye, anautazama moshi. "Bado, mwanangu. Mweupe huo, ni maji yanatoka. Ungoje uwe wa buluu, tena mwepesi. Hapo ndipo unaziba yote." Mkemia angeyaandika maneno ya mzee huyo hivi:

C₆H₁₀O₅ → 6C + 5H₂O

Kwamba mti, ambao sehemu kubwa ya mwili wake ni selulosi na jamaa zake, ukipata joto ukanyimwa hewa, huachana na maji yake na kubakisha kaboni. Kwa hesabu hiyo, kilo 162 za selulosi zingetoa kilo 72 za mkaa, yaani zaidi ya 44 katika kila 100. Lakini tanuri la udongo la kienyeji, kwa kawaida, hutoa kilo 10 hadi 20 tu kwa kila 100 za mti mkavu. Sehemu ya pengo hilo haina wa kulaumiwa, kwa kuwa baadhi ya mti hauna budi kuwaka ili uwapashe wenzake, na baadhi ya kaboni huondoka na moshi na lami. Ila sehemu nyingine imo mikononi mwa mlinzi, katika ukavu wa magogo aliyoyapanga, katika ukali wa jicho lake, katika tundu alilolisahau wazi alipopitiwa na usingizi. Mlinganyo hautamlaumu, kwani mlinganyo hutimia daima; mti uliogeuka majivu umeitii sheria sawasawa na mti uliogeuka mkaa. Kilichotofautiana ni upande wa kushoto: pale palipoingizwa oksijeni nyingi ikatoka hewa na majivu, na pale palipoingizwa kidogo ukabaki mkaa.

Neno langu lote katika makala haya ni hilo. Mshale si wetu, wala upande wa kulia si wetu. Vikishakutana vitu vilivyo upande wa kushoto, katika joto lile na kwa kiasi kile, kitakachotoka kitatoka, na hakuna dua ya mchoma mkaa wala amri ya mkuu wa wilaya itakayokigeuza isipokuwa atake Mwenye ada yake. Upande wa kushoto ndio uliowekwa mikononi mwa mja: nini kikutanishwe na nini, kwa kiasi gani, mahali gani, wakati gani. Wanazuoni wa Kiashari, ambao itikadi yao ndiyo iliyofuatwa na wengi wa masheikh wa Kishafii wa pwani yetu, walifundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, nao wakaliita chumo hilo kasbu. Na kwa karne nyingi wapinzani wao wamelifanyia mzaha, wakisema kuwa jambo likiwa jembamba mno hata halishikiki, basi ni jembamba kama kasbu ya Ashari. Mimi si mwanachuoni wa kuwaamulia. Nasema tu kwamba mwenye kuishi karibu na tanuri hapati taabu kubwa ya kufahamu jinsi tendo moja linavyoweza kuwa na mwumbaji asiyekuwa mchumaji wake. Mzee hakuumba mkaa, wala hana uwezo wa kuilazimisha kaboni ibaki. Hata hivyo gunia ni la nani, na msitu uliokatwa ni juu ya nani, hapana atakayesitasita kujibu.

Aonaye kwamba hayo ni ya wachoma mkaa peke yao na atazame upande wa pili wa hewa, ile naitrojeni iliyozoea kuingia motoni na kutoka kama ilivyokuwa. Haikubali kushiriki kwa joto dogo. Lakini radi ipigapo juu ya milima ya Usagara wakati wa masika, au mafuta yakiwaka ndani ya injini ya lori katika barabara kuu ipitayo katikati ya Mikumi kuelekea Iringa, joto hupanda hata kile kifungo cha mikono mitatu kikalegea:

N₂ + O₂ → 2NO

Hewa itokayo hapo hupata oksijeni nyingine, ikakutana na maji, ikawa asidi ya nitriki. Na ile ya radi hushuka na mvua ikawa rutuba ya ardhi, na ile ya malori hubaki karibu na pua za watu ikawa madhara. Njia ya tatu aliigundua Mjerumani Fritz Haber, ambaye mwaka 1909 aliwaonyesha wenzake kwamba naitrojeni ya hewani huweza kuunganishwa na hidrojeni chini ya mgandamizo mkubwa na mbele ya kichocheo kinachofaa, na Carl Bosch akaitengenezea mitambo, kiwanda kikafunguliwa Oppau mwaka 1913:

N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃

Kutokana na mstari huo mmoja hutengenezwa mbolea ya chumvichumvi inayowekwa kwenye shina la mhindi, na inakisiwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia leo wanakula chakula ambacho kisingepatikana bila ya amonia hiyo. Na kutokana na mstari huo huo Ujerumani, ilipozuiwa na manowari za Waingereza isipate shura ya Chile, ilipata asidi ya nitriki ya kujazia mizinga. Haber mwenyewe, mwezi wa Aprili 1915, alisimamia kutolewa kwa hewa ya klorini juu ya askari huko Ypres, na tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 akapewa kwa ajili ya amonia. Vita hivyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza, havikuliacha bonde letu. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliteremka kwa njia hii ya reli kutoka Mpwapwa hata yakaitwaa Kilosa, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli waliyoijenga wao wenyewe miaka michache kabla. Nitrogliserini, ambayo Alfred Nobel aliifanya kuwa baruti ya kulipulia miamba, ndiyo iliyowapasulia wajenzi wengi wa reli duniani njia yao, na baruti za jinsi yake ndizo zilizobomoa. Nayo ikilipuka hufuata hesabu iliyo safi kuliko ya tanuri la mkaa:

4C₃H₅N₃O₉ → 12CO₂ + 10H₂O + 6N₂ + O₂

Tazama naitrojeni imerudi hewani, safi kama ilivyotoka, wala hakuna mizani iwezayo kuionyesha kuwa ilikuwa ndani ya daraja au ndani ya mwili wa mtu. Kwa mshale, mwamba na daraja ni kitu kimoja. Akitafutwa aliyechuma tendo hilo hatapatikana upande wa kulia, ambako pamebaki hewa na mvuke. Atapatikana kushoto, miongoni mwa waliochagua mahali pa kuiweka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa makundi mawili. La kwanza ni wale waliosikia kwamba kemia imethibitisha kuwa hakuna kinachopotea, wakafanya neno hilo kuwa kitulizo au udhuru. Ni kweli atomu hazipotei. Shamba likichomwa, potasi na chokaa hubaki katika majivu na mavuno ya mwaka wa kwanza huwa mazuri. Lakini naitrojeni iliyokuwamo ndani ya majani na mashina hupanda na moshi, ikarudi katika bahari ya hewa ambako mhindi, japokuwa umezungukwa nayo pande zote, hauna mdomo wa kuinywa. Hesabu ya dunia iko sawa, na ghala la mkulima li tupu. Mwanzoni mwa mwaka 2010 Mkondoa ulifurika, ukavunja kingo zake, ukawatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani na kuikata reli baina ya Kilosa na Gulwe; udongo uliochukuliwa kutoka milimani haukupotea, ulikuwa umelala juu ya mataruma na ndani ya vyumba. Mlinganyo unatuambia kwamba vitu vyote vipo; hautuambii kwamba vipo mahali palipo na kheri.

Kundi la pili ni wale watafutao mtu mmoja wa kubebeshwa lawama yote, na aghalabu humkuta mchoma mkaa, kwa kuwa mikono yake ni myeusi na haina mtetezi. Lakini upande wa kushoto una waletaji wengi. Gunia linaloshuka Dar es Salaam limeitwa na jiko lililoko Dar es Salaam. Bei ya gesi, uchache wa kazi, kibali kilichotolewa bila ya mtu kwenda kuuona msitu, vyote vimeleta sehemu yake kabla mzee hajapanga gogo la kwanza. Kasbu hugawanyika kwa kadiri ya elimu na hiari ya kila mmoja. Mwenye kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, akafunga dirisha kwa sababu ya mtoto wake, amebadili upande wa kushoto bila ya kujua, kwani palipokosekana oksijeni ya kutosha mkaa huandika mlinganyo mwingine:

2C + O₂ → 2CO

na hewa hiyo haina harufu wala rangi, nayo huua. Mtu huyo hatuwezi kumhukumu kama tunavyomhukumu mkemia aliyejua. Walakini sisi tuliosoma mlinganyo huo shuleni tukaufungia daftarini pasipo kumwambia jirani, tunayo sehemu yetu, na sioni jinsi tutakavyoikwepa.

Kwa kuwa dhima imewekwa kushoto, toba nayo haina mahali pengine pa kuwekwa. Kilichokwisha kuwa upande wa kulia hakivutwi nyuma kwa majuto. Moshi haurudi kuwa mti kwa kuulilia. Hurudi kwa mlinganyo mwingine, wenye upande wake wa kushoto unaotaka kuletwa upya na kwa subira:

6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

Jua ndilo linaloubeba mlinganyo huo, na mja huombwa kuleta kidogo sana: shina lililoachwa ardhini lichipue, na moto uliozuiwa usilifikie. Baadhi ya vijiji vya Kilosa, tangu mwaka 2012 na kwa msaada wa TFCG na MJUMITA, mashirika ya uhifadhi wa misitu, vimejiwekea utaratibu wa kuchoma mkaa kwa vitalu katika misitu yao, wakikata hapa na kupaacha pale, wakibakiza visiki vichipue, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Na kwa ile naitrojeni iliyopanda na moshi, zipo kunde, choroko na mbaazi, ambazo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kisicho mbali na mji wa Kilosa, kimezishughulikia kwa miaka mingi pamoja na mahindi. Ndani ya vifundo vya mizizi yake wanaishi bakteria wanaokivunja kile kifungo cha mikono mitatu bila ya tanuri, bila ya mgandamizo, katika joto la udongo wa kawaida, na kumpa mkulima bure kile ambacho Haber alikitafuta kwa chuma na moto.

Mtu anaweza kuuliza kama mja huyu mwenye kuleta upande wa kushoto hakuletwa yeye mwenyewe na sababu zilizomtangulia, na kama mkono uliowasha kiberiti haukuwa nao upande wa kulia wa mlinganyo mwingine mrefu zaidi, wa njaa na damu na malezi. Swali hilo ni la haki, na Waashari walilijua kabla yetu. Ila jibu lake halihitajiwi ili hukumu ipite. Ninyi mnaouliza asubuhi "Nani kachoma?" hamjangoja wanafalsafa wakubaliane, na hamjakosea, maana katika vyote vilivyokutana kilimani usiku ule, nyasi na upepo na oksijeni na kiangazi, ni kimoja tu ambacho kingeweza kulisikia swali hilo kabla ya kuwasha, kikalipima, kikaacha. Kwa kitu kimoja hicho Mitume waliletwa, na sheria zikaandikwa, na shule zikajengwa. Na mwalimu wa kemia anapowafundisha watoto wa Munisagara kusawazisha mlinganyo, na asikome baada ya kuhesabu atomu, bali awaulize pia ni nani aliyeziweka pale kushoto, kwani elimu yake haijatimia mpaka swali hilo limeulizwa.